Kutembea nchi kwa hela ya bumu: anzia njia ya kwenda kwenu

Dogo kauliza hivi: yupo mwaka wa kwanza Dar, anatamani kuijua nchi yake kabla hajamaliza chuo, ila hela yake ni bumu tu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, afanyeje. Naomba nimjibu kwa nilivyofanya mwenyewe, maana chuo nimesoma Dar na kwetu ni Tukuyu, mkoani Mbeya, na sehemu nyingi nilizotembea nimezitembea humohumo kwenye nauli ya kwenda likizo.

Mdogo wangu, usianze kupanga safari mpya. Safari ya kwenda nyumbani na ile ya kwenda fildi (mafunzo kwa vitendo) nauli yake tayari unaitafuta kila mwaka utake usitake, wewe unachotakiwa ni kushuka njiani. Nauli za mabasi LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wanazipanga kwa kilometa, zile zilizoanza Desemba 2023 basi la kawaida lilikuwa kama shilingi 48 kwa kilometa, sasa Dar mpaka Mbeya ni kilometa mia nane na kitu, inakuja kama elfu arobaini hivi, na ukiikata vipande viwili kwa kulala Iringa tofauti inakuwa ndogo sana ukilinganisha na kufunga safari ya Iringa peke yake kwenda na kurudi. Wanafunzi wengi wanaipita hiyo barabara miaka mitatu, wanajua tu sehemu ambazo basi linasimama kula.

Na hiyo barabara ina vitu jamani. Ukitoka Morogoro unaingia Mikumi, barabara kuu inapita katikati ya hifadhi, twiga, pundamilia na swala unawaona umekaa kwenye siti yako bila kulipa chochote. Halafu Ruaha Mbuyuni na ile mibuyu na vitunguu, halafu mlima Kitonga, halafu kabla hujafika Iringa kuna mnara wa Lugalo pale Wahehe wa chifu Mkwawa walipowapiga Wajerumani mwaka 1891. Ndo maana mi nashauri basi la mchana. Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku watu wanasema panda la usiku uokoe hela ya gesti, ni kweli unaokoa, lakini Mikumi utaipita umelala, na kwa sisi watoto wa kike kushuka stendi saa tisa usiku mji usioujua hapana, hiyo hela ya gesti lipa tu.

Iringa ukishuka Ipogolo mji upo juu kilimani, panda daladala, usikubali kuitiwa bodaboda na bei ya mgeni. Kesho yake nenda Isimila, ni kilometa kama ishirini kwa barabara ya Mbeya, unaona zile nguzo za mchanga na zana za mawe za watu wa kale. Nikupe na hii, zile zana zilikuja kujulikana mwaka 1951 baada ya mwanafunzi mmoja aliyekuwa anasafiri kwa barabara kwenda Afrika Kusini kusimama pale na kuziokota, yaani mwanafunzi aliyeshuka njiani kama ninavyokwambia wewe. Ukipata muda ongeza Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa, fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 lipo pale. Mi nilisoma habari zake toka shule ya msingi lakini kusimama mbele ya lile fuvu ni kitu kingine kabisa, nilitoka sina maneno.

Sehemu zote hizi beba kitambulisho cha chuo na cha taifa, kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni ni mbingu na ardhi. Hata hifadhini penyewe kiingilio chetu sio tatizo, kinachouma ni gari la kuzunguka nalo, kwahiyo kuingia ndani ya Mikumi au Ruaha subiri mjichange kikundi mkodi gari moja lijae. Peke yako usijaribu.

Kulala sasa, hapa ndo hela inapoteketea. Kama ulipita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) baada ya fomu sikisi basi una watu nchi nzima, wale wa kombania yako wamesambaa vyuoni, Morogoro wapo SUA na Mzumbe, Iringa wapo Mkwawa na RUCU, Mbeya wapo MUST. Mtafute mapema, sio unampigia ukiwa umeshafika stendi, na usiende mikono mitupu, kilo ya sukari na sabuni vinatosha, na asubuhi shika ufagio. Ukifanya hivyo utakaribishwa tena na wewe Dar mkaribishe hivyohivyo. Ikishindikana kuna gesti za bei nafuu karibu na stendi, ila omba kuona chumba na kitasa cha mlango kabla hujalipa.

Kula kwa mama lishe. Vile vituo vya mabasi bei ni ya mtu asiyekuwa na pa kwenda, mi nafunga chapati na mayai ya kuchemsha na maji kutoka Dar. Tiketi kata kwenye ofisi ya basi au kwa simu, wapiga debe pale stendi ya Magufuli, Dar, waache wapige debe lao. Na nauli ya kumalizia safari iweke kwenye laini nyingine ambayo huigusi hata ukiona kitenge kizuri kiasi gani. Kumbuka bumu ni elfu kumi kwa siku na inahesabiwa siku za masomo, likizo hakuna kitu, kwahiyo hela ya safari inatoka kwenye muhula, kidogo kidogo kila wiki.

Anayetaka treni, SGR inakufikisha Morogoro au Dodoma vizuri tu, ila Morogoro stesheni ipo Kihonda, kwenda Msamvu kwenye stendi ya mabasi ni daladala nyingine, iweke kwenye hesabu. TAZARA ni nzuri sana kwa macho, inapita mle kwenye hifadhi ya Nyerere, ila ulizia kwanza stesheni kama inatembea na usiipande kama una tarehe ya kuripoti fildi.

Ukifika Mbeya shuka Uyole, ndo njia panda ya Tukuyu na Kyela. Kwetu huko kuna ziwa Ngozi juu ya volkano, unapanda msituni kwa miguu na mwongozaji wa kijijini, halafu Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, na ndizi za kutosha. Njoo Julai au Agosti, miezi ya mvua ile njia ya Ngozi inateleza vibaya mno. Na sweta beba, Julai Tukuyu ni baridi kwelikweli, watu wa Dar mnakuja na tisheti mnatetemeka stendi.