Schackrutor: biskuti za rangi mbili za Waswidi, na makosa niliyofanya mpaka nikazipatia

Jamani hizi biskuti nimezihangaikia karibu miezi miwili, kwa hiyo naandika yote hapa ili wewe usipoteze siagi kama mimi.

Naishi Göteborg, Uswidi. Mara ya kwanza nilizila kwa bibi mmoja jirani yangu, alinikaribisha kwenye fika, ndo ule muda wao wa kukaa na kunywa kahawa na kitu kitamu pembeni, akaleta sahani ina biskuti ndogo za mraba, nyeupe na kahawia zimepangwa kama ubao wa drafti. Nikajua za dukani. Kumbe kaoka mwenyewe asubuhi. Zinaitwa schackrutor, yaani vyumba vya sataranji. Akanieleza kwamba zamani ukialika watu kahawa ulitakiwa uweke aina saba mezani, zikipungua unaonekana mchoyo, zikizidi unaonekana unajionyesha, ndo maana wamama wa huku walijua kukanda donge moja la siagi, sukari na unga halafu wakalitoa biskuti za kila namna. Hizi ni mojawapo.

Ukila zinavunjikavunjika mdomoni kama vileja, ila hazina iliki, ni vanila na kakao tu.

Vipimo vyangu: siagi gramu 200, sukari gramu 90, unga wa ngano gramu 270, kakao isiyo na sukari vijiko vikubwa viwili, vanila kijiko kidogo. Kwenye donge hamna yai (ute kidogo tu wa kubandikia baadaye) hamna bekingi pauda, ukiweka bekingi pauda zinaumuka na mraba unapotea. Siagi iwe siagi kweli, majarini haitakupa ile ladha.

Sasa kosa langu la kwanza. Nilikanda donge zima na unga wote, nikaligawa nusu kwa nusu, nusu moja nikaongeza kakao. Ile ya kakao ikawa ngumu, inapasuka nikiiviringisha, nyeupe laini inanata mkononi, nilipozibandika zikakataa kushikana na kwenye oveni zikaachana kabisa. Sababu ni kwamba kakao nayo inanyonya mafuta kama unga, kwa hiyo upande wa kakao unatakiwa upewe unga mdogo zaidi. Siku hizi nasaga siagi na sukari kwanza mpaka iwe laini, naigawa mara mbili KABLA ya unga, moja naipa unga gramu 150 na vanila, nyingine unga gramu 120 na kakao. Bonyeza yote mawili kwa kidole, yanatakiwa yabonyee sawasawa, la kakao likiwa bado gumu rudishia siagi kidogo. Na usikande sana, likishashikana acha, ukizidisha biskuti inakuwa ngumu.

Funga madonge kwa nailoni, weka friji nusu saa. Kila donge ligawe mara mbili, viringisha upate kamba nne za urefu wa sentimita 30 hivi, unene kama kidole gumba. Halafu zifanye ziwe na pembe, mi nazigandamiza kwa rula pande zote nne, maana kamba za duara ukizipanga zinaacha tundu katikati. Panga nyeupe na kahawia, juu yake kahawia na nyeupe, katikati pakaza ute wa yai kidogo sana kwa brashi, bana kwa viganja taratibu upate mti mmoja mrefu, kisha urudishe friji saa nzima.

Hiyo saa nzima ndo watu wengi tunaikimbia, na biskuti zote zilizoniharibikia ziliharibikia hapo. Donge likiwa na joto kisu kinaliburuta badala ya kulikata, mraba unageuka kitu hakieleweki. Kama uko Dar au Mombasa na joto la kule, usitegemee friji, weka friza dakika 30, kata nusu ya mti, nusu nyingine iache ndani mpaka zamu yake.

Kukata: kisu chembamba chenye makali, vipande vya nusu sentimita, na kila ukikata vitano sita ugeuze mti upande mwingine, la sivyo unalalia upande mmoja unakuwa bapa. Futa kisu kwa kitambaa maana kakao inapaka matope kwenye nyeupe, hiki kitu kidogo ndo kilifanya zangu zifanane na za bibi. Utapata kama biskuti 50.

Oveni digrii 200, trei katikati, dakika 8 mpaka 10. Usisubiri zibadilike rangi juu, inama uangalie ukingo wa chini wa ile nyeupe, ukianza tu kuwa rangi ya majani makavu toa. Zikitoka ni laini, usiziguse, ziache zipoe hapohapo kwenye trei, zitakaza zenyewe.

Kwenye kopo la bati lenye mfuniko zinakaa wiki mbili bila shida. Mimi huwa natengeneza miti miwili, mmoja nauacha friza haujaokwa, mgeni akipiga simu yuko njiani nautoa, unalainika kidogo wakati oveni inapata moto, nakata, na akifika nyumba nzima inanukia siagi.