Shule yangu ingeanzia jikoni

Wiki hii mmetuuliza sisi walimu watarajiwa: ungepewa kujenga shule yako mwenyewe, ungeijengaje? Najua wenzangu watataja maktaba, vishikwambi, nyumba za walimu na darasa lisilozidi wanafunzi 45. Yote nayaunga mkono. Lakini swali lenu limenipeleka moja kwa moja jikoni, na huko ndiko nitakakobaki.

Mwaka jana nilikuwa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya msingi wilayani Bahi, wiki nane kuanzia Februari. Anayeijua Dodoma anajua Februari ni mwezi gani: uwele shambani bado mbichi, na vihenge vimebaki vumbi. Shule ilikuwa na uji wa saa nne. Kila mzazi alitakiwa kutoa debe moja la mahindi au uwele kwa mwaka, na hela kidogo ya mpishi na ya kusagia. Mimi nikapewa kazi ya kushika daftari. Mwenye tiki anapanga foleni na kikombe chake. Asiye na tiki anakwenda kucheza.

Wiki ya kwanza haijaisha, nikamwona mtoto wa darasa la pili amekaa nyuma ya tangi la maji, ameshika kikombe cha plastiki cha kijani kwa mikono miwili. Anapuliza. Anaonja kwa ncha ya mdomo, anapuliza tena, kama wafanyavyo watoto wote uji ukiwa wa moto. Nikafurahi kwamba naye amepata. Nilipomkaribia nikaona kikombeni mna maji. Maji ya tangini, ya baridi. Aliponiona akayanywa yote kwa mkupuo mmoja, akafuta mdomo kwa mkono wa shati, akasema, "Shikamoo Madam."

Nilimshika mkono hadi jikoni, nikamchotea mwenyewe, kikombe kikajaa. Kesho yake wakaja watano wasio na tiki. Nitampaje mmoja niwanyime wanne? Siku iliyofuata walizidi ishirini, na sufuria ni ileile. Watoto ambao wazazi wao wametoa debe wakapata nusu kikombe. Ijumaa asubuhi akafika mama mmoja na mtoto mgongoni, akasimama mlangoni pa ofisi. Hakupaza sauti. "Mwalimu, mimi hilo debe nimelitoa kwenye mbegu." Sikuwa na la kumjibu. Mwalimu wa chakula alisubiri mama aondoke, kisha akaniambia, "Madam, wewe Aprili haupo hapa. Hawa wakiacha kuchanga, uji unakufa. Huyo mtoto wako hatapata, na hao wengine wote hawatapata."

Usiku ule nilimwona mtu katili. Leo sina uhakika. Yeye ndiye aliyekuwa akizunguka vitongojini kwa baiskeli yake kukusanya hayo madebe.

Tangu Januari 2016 elimumsingi, yaani hadi kidato cha nne, haina ada katika shule za serikali, na Januari 2018 Rais Magufuli alikataza watoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya michango. Mimi mwenyewe nimesoma sekondari kwa faida ya hayo, na sitayabeza. Lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimebaki mikononi mwa mzazi. Hakuna aliyemfukuza yule mtoto shuleni. Alikuwepo kila siku. Kwenye rejesta hana hata alama moja ya utoro.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema kwamba shule yangu haitakuwa na daftari la tiki. Nimefika hapa na siwezi kusema hivyo, yule mama wa mbegu ananizuia. Daftari litakuwepo. Ila likae kwa kamati ya shule na mtendaji wa kijiji, watu wazima wadaiane huko kwao, lisionekane jikoni saa nne. Na asiye na debe atoe siku za jembe kwenye shamba la shule, alime mtama. Walime wazazi, maana watoto wenye njaa hawawezi kupewa majembe tukaita kujitegemea. Najua mvua ya Bahi si ya kutegemea, na shamba likikosa msimamizi mwaminifu mavuno hayafiki kwenye sufuria. Najua pia kwamba watoto wa kijiji kimoja huambiana nani kwao wametoa na nani hawajatoa, hata ukilificha daftari chini ya kitanda. Pengine mwaka mbaya uji utakosekana kwa wote, nami nitasimama mlangoni pa ofisi nikisema maneno yaleyale ya mwalimu wa chakula.

Vikombe, hata hivyo, hapo sibadiliki. Viwe vya shule, vya rangi moja, vioshwe na kutunzwa jikoni, idadi sawa na ya wanafunzi. Mtoto asibebe kikombe kutoka nyumbani.