Walimu wapya wa sayansi mnaokuja Mombasa, mwezi uacheni kwanza

Nawaambia kitu kilichonigharimu mwaka mzima. Somo la maji kujaa na kupwa nilikua naanza na mwezi, nachora ubaoni, naeleza mvutano, halafu ndo natoa jedwali. Kila daftari ikaandikwa "ni mwezi" na hakuna aliyeangalia hata namba moja, manake mtu ahangaike na nini na jibu ashapewa?

Siku hizi nawapa saa na vimo vya maji ya bandarini Kilindini vya wiki mbili, basi, mwezi siutaji. Swali la kwanza: umeona nini? Sio kwa nini. Hapo mtasumbuana bana, watoto wanakimbilia sababu. Kijana mmoja akasimama akasema maji yanajaa juu ya jua kali la mchana, darasa zima ndiyo ndiyo, mi nikanyamaza. Binti wa nyuma, babake mvuvi, akasema, "Lakini mwalimu, hapa yamejaa saa kumi alfajiri." Kimya. Wakarudi kwa namba wenyewe, wakatoa leo kwa kesho, wakakuta maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, na jua halichelewi hivo. Yule binti akaleta neno bamvua kutoka nyumbani, akaonyesha siku ambazo kujaa na kupwa kunapishana zaidi ya mita 3, na zile za maji mafu, kunapopishana kidogo tu. Ndo mmoja akauliza, siku hizo za bamvua mwezi ulikua aje?

Namba ikikosewa msifute haraka. Kuna aliyenakili mita 36 badala ya 3.6, wakabishana weee, mpaka mwenzake akamwambia basi Fort Jesus ishazama.

Wakizoea, wapeni ngumu zaidi, kama joto la bahari na matumbawe yetu yaliyopauka mwaka 1998. Hapo ulizeni: kama kweli ni joto, pale ambapo maji hayakupata joto hivo tungetarajia kuona nini?

Na mkipanga kwenda ufuoni, chagueni bamvua, huku maji hupwa sana kama saa nne saa tano asubuhi, mnatembea miambani vizuri. Mimi nilipanga siku ya maji mafu, basi ishalipwa, tumefika tumesimama tunatazamana na maji, na wanafunzi wananicheka kwa sababu jedwali lilikua limebandikwa ukutani darasani kwangu.