Misale ya Bobbio: nani aliiandika?

SWALI: Mwalimu, nimesoma kwamba Misale ya Bobbio, kitabu cha kale cha sala za Misa, ni kazi ya wamonaki wa Ayalandi, kwa kuwa ilikutwa kwenye monasteri yao Italia. Mbona mwandiko wake haufanani na hati za Kiayalandi?

JIBU: Macho yako yako sawa, ndugu. Wanaokosea ni wale wanaochukua mahali kitabu kilipokutwa wakapafanya ndipo kilipoandikwa. Kosa hili nakutana nalo kila mara, na linaudhi, maana vitabu vya Kanisa vilisafiri sana: viliazimwa, vilitolewa zawadi, vilihama na mapadre.

Ni kweli, Bobbio ilianzishwa mwaka 614 na Mtakatifu Kolumbani, Mwayalandi, na Jean Mabillon, mmonaki msomi wa Ufaransa, aliikuta misale hiyo huko mwaka 1686. Mkono ulioshika kalamu ni habari nyingine. Ndani utaona herufi kubwa za mviringo, ziitwazo ansiali, zikichanganyika na herufi ndogo za Galia (Ufaransa ya leo) ya enzi za wafalme Wamerovinji, kwa mkono usio na nidhamu ya shule kubwa ya unakili. Tahajia ya Kilatini chake inafuata matamshi ya watu wa Galia. Tena kuna Misa ya Mtakatifu Sigismundi, mfalme wa Waburgundi, watu waliotawala kusini-mashariki mwa Galia! Ndiyo maana wataalamu wengi huiweka kusini-mashariki mwa Galia, karibu na mwaka 700. Dalili za Kiayalandi katika baadhi ya sala hazibadilishi hilo. Sala hunakiliwa popote.

Maktaba hiyohiyo ya Bobbio ilitunza Antifonari ya Bangor, kitabu cha nyimbo na sala cha monasteri ya Bangor, ambayo kweli iliandikwa Ayalandi. Tunajua hivyo kwa sababu ina utenzi unaowataja maabati (wakuu wa monasteri) wa Bangor hadi Cronan, akiwa bado hai, kwa hiyo ni ya kati ya 680 na 691.

Jihadhari na wanaotaja karne na nchi kwa kuona herufi moja kwenye picha ya simu, hasa wanaouza kurasa zilizochanwa vitabuni na kuzipachika cheti. Na kipimo cha kaboni kisikutishe: kinakadiria mnyama ambaye ngozi yake ilifanywa kurasa alikufa lini, hakisemi nani aliandika wala wapi, na ngozi kuukuu zilikwanguliwa zikaandikwa upya. Asiyetazama vifupisho, mistari iliyochorwa, mafungu ya kurasa na watakatifu wanaotajwa, usimlipe hata senti.