Mkuu, usiandike hata sura moja kabla hujaamua mwaka

Simama hapo hapo mkuu. Umesema unaandika riwaya, dada mtu anamtafuta mdogo wake aliyetoroka nyumbani Oklahoma kipindi cha Mdororo Mkuu wa uchumi Marekani, unauliza uanze na mazungumzo au maelezo, iwe kurasa ngapi, wachapishaji gani wanapokea, halafu chini kabisa kama kitu kidogo tu unasema "tarehe nitaziweka mwishoni". Hapo ndo roho imeniuma. Maneno hayo hayo tuliambiwa na mwalimu wa semina ya uandishi, na tulimlipa vizuri, eti andikeni hadithi kwanza, historia ni chumvi utanyunyizia ikishaiva. Uongo mtupu! Historia ndo inaamua huyo mtoto anaweza kupatikana au hapatikani.

Kijana wa riwaya yangu mimi alitoroka 1931 akaenda kujificha kwenye kambi za CCC, zile za serikali za vijana waliokuwa wanapanda miti na kuchonga barabara za misituni, dada yake anamsaka jimbo hadi jimbo, barua, machozi, kila kitu. Mswada umeisha, nampelekea mhariri, akaniuliza swali moja tu: hela zilikuwa zinaenda wapi? Kambi zenyewe zilianza 1933 Rais Roosevelt alipoingia madarakani, hilo peke yake linatosha kuua kitabu, lakini kubwa zaidi ni kwamba kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi na kama 25 hivi zilitumwa kwa familia yake. Yaani mama yuko nyumbani anapokea hela ya mtoto kila mwezi, na dada yuko njiani kurasa zaidi ya mia analia hajui mdogo wake yuko wapi. Anatafuta nini sasa? Hakukuwa na cha kurekebisha, nusu ya pili yote ikaenda na maji. Nilipomwandikia yule mwalimu akanijibu msomaji wa Kiswahili hatajua. Mpaka leo jibu hilo linanichoma, ni kutudharau wote humu.

Kwa hiyo mwaka na mwezi kwanza, hata jina la mhusika lisubiri. Chukua 1932. Mdogo mtu anadandia treni za mizigo kama maelfu ya vijana wengine, kampuni moja tu ya reli, Southern Pacific, ilihesabu watu zaidi ya 600,000 iliowashusha mwaka ule, nani atamkumbuka mmoja? Dada kilichobaki ni kuandika barua ya General Delivery, yaani posta ya mji inaitunza mpaka mwenyewe aje dirishani ataje jina lake, asipokuja inarudi kwa aliyeituma. Hapo una sura nzima mkuu, bahasha imerudi na mihuri juu yake, haijafunguliwa, na dada hajui kama mdogo wake hakufika Amarillo, mji wa Texas alikomwandikia, au alifika akapita bila kuuliza.

Sogeza mpaka 1934 mambo yanageuka, serikali kuu imefungua vituo vya kupokea watu wasio na makao, wanaandikishwa majina, kwa hiyo kuna daftari la kuulizia. 1935 mpango unafungwa. Mwanzoni mwa 1936 polisi wa Los Angeles wanaenda mpaka mipakani mwa California kuwarudisha maskini walikotoka. Na ile dhoruba kubwa ya vumbi iliyopiga Oklahoma Jumapili, 14 Aprili 1935, usije ukaipeleka 1931!

Hujasema pia kama ni familia ya weusi. Kama ndiyo, Machi 1931 vijana tisa weusi walishushwa kwenye treni ya mizigo Alabama wakasingiziwa ubakaji, kesi ikasikilizwa Scottsboro na wanane wakahukumiwa kifo ndani ya wiki chache. Dada akisikia habari ile hatafuti tena kwa kasi ile ile, na hata kwenda kuuliza polisi itabidi afikirie mara mbili.

Haya jibu hapa hapa: alidandia treni mwezi gani, mwaka gani? Ukitaja tu nakwambia dada alikuwa na watu gani wa kuwauliza.