Kisiwani hakuna mlima wa kukuelekeza

Nawaandikia wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuongoza wageni hapa Moshi. Mambo ya mlima mtafundishwa mpaka mchoke: dalili za kuugua kwa sababu ya mwinuko, mizigo ya wapagazi, "pole pole" ya kutwa nzima. Lakini kuna swali mgeni atakuuliza siku ya kushuka, pale getini Mweka, soda mkononi, malengelenge miguuni. Atakwambia kesho anakwenda Zanzibar, anataka kukodi pikipiki azunguke kisiwa, wewe unasemaje?

Miaka yangu ya kwanza nilikuwa najibu tu. "Haina shida, kisiwa chenyewe kidogo." Sijui nilikitoa wapi kile kiburi. Nilikuwa nimeendesha pikipiki tangu kijana, Kibosho, Uru, Marangu, kwenye tope na kwenye mawe, nikaona bahari na minazi itanishinda nini.

Mwaka mmoja mwanzoni mwa Juni, kabla msimu haujachangamka, nikapanda basi mpaka Dar, kisha boti. Boti yenyewe inaitwa Kilimanjaro, nikacheka peke yangu foleni. Baada ya saa mbili hivi niko Unguja. Nikakodi pikipiki kwa siku nne, na mengi niliyokuwa nawaambia wageni yakageuka uongo mmoja baada ya mwingine.

Nianze na makaratasi, nayamaliza haraka. Barabarani Unguja kuna vizuizi vya polisi vingi kuliko unavyodhani, na wanataka kuona leseni na karatasi ya kukodi. Mgeni wa nje anahitaji kibali cha udereva cha Zanzibar. Wakodishaji wengi humshughulikia, lakini aulize kabla hajalipa. Asiache pasipoti kwa mtu, hata aambiwe ni utaratibu. Aache nakala. Kabla ya kuwasha, achukue simu apige video pikipiki yote, mikwaruzo, saitimira, tairi, na mwenye pikipiki awe amesimama pale pale akisikia anachosema. Apige honi, ajaribu breki zote mbili. Basi.

Sasa kilichonishinda mimi.

Moshi hakuna anayepotea. Ukiwa Uru au Kiboriloni, mlima uko juu, mji uko chini. Hata mawingu yakiufunika, ukiiacha pikipiki iteremke yenyewe utatokea kwenye lami. Sikujua kwamba maisha yangu yote nimekuwa nikiendesha na dira ya mita 5,895 pembeni yangu. Unguja, kisiwa cha kilomita kama 85 kwa urefu, kilima chake kirefu hakifiki hata mita 150. Ukiacha lami kusini kule, ukaingia njia za ndani, ni minazi, migomba, kichaka, mawe ya matumbawe, halafu minazi tena. Jua likiwa utosini, mbele na nyuma vinafanana. Simu ilikuwa imekufa chaji. Nilizunguka nikarudi penye kibanda kile kile mara mbili, na mara ya pili watoto wakanipungia mkono kama mtu wanayemfahamu.

Mara ya tatu nikamwona mzee amekaa barazani. Nikasimama, injini inanguruma, nikapaza sauti: "Mzee, samahani, njia ya Kizimkazi?"

Akanitazama kwa utulivu, akasema: "Waaleikum salaam."

Sikuwa nimemsalimia. Ndiyo maana yake. Nikazima pikipiki, nikavua helmeti, nikaanza upya: shikamoo, habari za hapa, habari za nyumbani. Akauliza natokea wapi, nikasema Bara, Moshi. Akataka kujua kama barafu ya mlima inaisha kweli. Tulikaa kama robo saa, nikanywa maji ya dafu, kisha akasimama akanionyesha njia kwa fimbo, na nilifika bila kuuliza tena. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Wageni wengi wanapita kijiji hicho kwenda kutazama pomboo bila kujua. Ukimwambia mgeni hilo tangu Moshi, atakukumbuka.

Kwa hiyo mwambieni mgeni hata kama Kiswahili chake ni "jambo" peke yake: azime injini kwanza. Na huko vijijini ajisitiri, asipite na kaptula ya ufukweni katikati ya nyumba za watu. Mwezi wa Ramadhani asile wala kunywa barabarani mchana.

La pili ni ramani. Nilikuwa Michamvi jioni, upande wa magharibi wa ile rasi, jua linazama vizuri kweli. Ng'ambo ya ghuba naiona Chwaka. Kwenye ramani ni kidole kimoja. Nikamwambia rafiki yangu wa mjini kwa simu ya kuazima, "nipitie Chwaka nikuletee samaki." Akacheka. Kwa mashua ni karibu, kwa pikipiki inabidi urudi Paje, upite msitu wa Jozani, uzunguke mpaka uikute barabara ya Chwaka. Ni safari ya kuvuka nusu ya kisiwa, na giza linaingia.

Giza la huko msilichezee. Baiskeli hazina taa, ng'ombe wanarudi nyumbani wakitembea katikati ya lami, na pale Jozani kuna matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju waliokuwa wakigongwa na magari. Kima hao hawapatikani pengine popote duniani ila Zanzibar. Matuta yenyewe usiku unayaona ukishakuwa juu yake. Mimi sheria yangu sasa ni saa kumi na mbili jioni pikipiki imelala.

La tatu, na hili ndilo lililonigharimu, ni maji.

Sisi watu wa bara tunadhani bahari inakaa mahali pake. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, maji yakikupwa yanakwenda mbali mpaka unaona watu wadogo kama sisimizi kule wanakolima mwani. Mchanga unabaki mgumu, tambarare, unakuita. Nikashuka na pikipiki. Nikaiegesha kwenye mchanga mkavu, au niliouona mkavu, nikavua viatu nikaenda kwa miguu kuwatazama kina mama wakifunga mwani kwenye kamba. Mama mmoja akaniuliza, "Pikipiki ile yako?" Nikajibu ndiyo, kwa fahari kidogo. Akasema, "Basi usikae sana, leo bamvua."

Neno nililisikia, maana yake sikuijua. Bamvua ni maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanakupwa sana na yanajaa sana. Usiku uliopita nilikuwa nimeusifia ule mwezi mpevu, nikaupiga na picha. Nilipogeuka, maji yalikuwa yamepita pembeni yangu kwenye vijito vya mchanga, kimya, yamefika kwenye rimu. Nilikimbia. Vijana wawili na yule mama, gunia la mwani bado kichwani, walinisaidia kusukuma. Ikawaka mara ya kwanza, nikaona nimepona, nikaifuta kwa kitambaa.

Siku ya kurudisha, mwenye pikipiki hakutazama mikwaruzo. Aliinama akapitisha kidole kwenye cheni, akakilamba.

"Uliiosha kwa maji baridi?"

Nikamwambia ukweli kwamba dukani sikupata yenye barafu.

Alicheka mpaka akakaa chini. Maji baridi kwa mtu wa pwani ni maji yasiyo ya chumvi, tu. Shuleni nilisoma "samaki wa maji baridi" nikafaulu mtihani, lakini siku ile akili haikuunganisha. Alipomaliza kucheka akakata bei ya cheni mpya kwenye amana yangu. Sikubishana.

Kwa hiyo sasa, kabla sijamjibu mgeni pale Mweka, nafungua simu naangalia mwezi una siku ngapi. Namkumbusha kwamba kujaa na kupwa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya jana haimfai leo. Namwambia ufukweni aende kwa miguu. Halafu namuuliza swali ambalo zamani nilikuwa siulizi: kwenu umewahi kuendesha pikipiki? Wengi wanacheka, wanasema hapana, wanataka kujifunzia huko huko. Hao nawapa namba ya dereva wa teksi.