Izime Kamera ya Laptopu Yako, Karatasi Peke Yake Haitoshi

Wiki iliyopita dada mmoja anayesoma pale Malimbe, hapa Mwanza, kanitumia meseji: "Kaka shikamoo, laptopu yangu taa ya kamera inajiwasha usiku, fundi aliyenipigia Windows anasema ni shoti tu, nifanyeje?" Nikamjibu izime sasa hivi, usiguse intaneti, kesho niletee Nyegezi.

Kaja nayo, HP EliteBook used, zile zilizojaa maduka yote ya mjini, imebandikwa stika mpaka jina la kampuni halionekani. Nikaingia setingi, Privacy, halafu Camera. Wengi hamjui kwamba pale chini Windows inakuandikia kila programu ilitumia kamera mara ya mwisho lini. Kamera ilifunguliwa saa nane usiku, na mwenyewe anaapa muda huo alikuwa kalala, laptopu kaiacha wazi mezani inashusha muvi kwa bando la usiku. Kuangalia programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta nikakutana na AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, imewekewa paswedi ya kudumu. Sasa AnyDesk yenyewe ni programu halali, hata mi naitumia kuwasaidia wateja wangu wa Geita na Sengerema bila kuvuka maji, lakini mtu akishakuwekea paswedi ya kudumu anaingia muda anaotaka bila wewe kubonyeza kukubali, anafungua chochote hadi kamera kama vile amekaa kwenye kiti chako. Dada wa watu hata hajui AnyDesk ni mdudu gani. Nani kaiweka siwezi kusema, used inapita mikono mingi. Kabla ya kufuta chochote nikaipiga picha ile skrini kwa simu, maana kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na akitaka kwenda polisi asiende mikono mitupu. Af nikafuta kila kitu, Windows upya, paswedi zote akabadilishia kwenye simu.

Mnaonijua mnajua habari za kamera sijaanza leo. Nilifanya kazi ofisi moja hapahapa mjini, sitaitaja, nikawa naziba kamera ya kompyuta yangu kwa kipande cha karatasi. Wakanibatiza Mzee wa Plasta. "Unaogopa nani akuone, kwani wewe waziri?" Nikaomba nusu saa tu niwaelekeze wenzangu habari za usalama wa kompyuta, bosi akacheka mbele ya watu akasema ofisi ina mambo ya maana ya kufanya. Sawa. Mwaka 2016 Mark Zuckerberg, bosi wa Facebook, kapiga picha kusherehekea Instagram kufikisha watumiaji milioni 500, nyuma yake laptopu yake hiyo, kamera imezibwa na tepu, dunia nzima ikaona. Mwaka huohuo James Comey aliyekuwa mkurugenzi wa FBI, wapelelezi wa Marekani, akasema hadharani kwamba na yeye anaziba ya kwake. Ile picha ya Zuckerberg niliiprinti kwa rangi nikaibandika ukutani juu ya meza yangu, hakuna aliyesema kitu. Na mpaka leo hakuna aliyeniomba radhi, ingawa wawili kati yao wananiletea laptopu za watoto wao na nawahudumia kwa bei ileile ya kila mtu.

Turudi kwenye shoti. Kule Pennsylvania, Marekani, shule za wilaya ya Lower Merion ziliwapa wanafunzi laptopu, wanafunzi wakawa wanaona kataa ka kijani kanawaka na kuzimika, wakaambiwa ni hitilafu tu. Mwaka 2010 ikaja kujulikana kwamba mfumo wa kutafuta laptopu zilizopotea ulikuwa unawapiga picha hadi majumbani kwao, wilaya ikaishia kulipa dola 610,000. Kwa hiyo taa ikijiwasha, chunguza. Na isipowaka usishangilie, maana 2013 watafiti wa Johns Hopkins walionyesha kwamba kwenye MacBook za zamani, za kabla ya 2008, kamera inaweza kufanya kazi na taa imezima kabisa.

Kuizima si kazi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Device Manager, fungua Cameras, mashine nyingine imekaa kwenye Imaging devices, bonyeza kulia, Disable device, basi. Ile swichi ya kwenye setingi peke yake siiamini, Microsoft wenyewe wameandika kwamba baadhi ya programu za dekstopu zinaweza kuendelea kutumia kamera hata ukiizima pale. Tena hata hii ya Device Manager, mtu mwenye mamlaka ya admin ndani ya mashine yako anairudisha fasta. Ndo maana mi nashuka mpaka BIOS, zile setingi za mashine yenyewe zinazofunguka kabla ya Windows: HP gonga F10 inapowaka, Dell F2, ThinkPad F1, tafuta palipoandikwa Integrated Camera au Camera uitoe, weka na paswedi ya BIOS, na hiyo paswedi uiandike mahali maana ukiisahau utanililia mimi. Baada ya hapo Windows haijui hata kama kamera ipo. Laptopu nyingine hazina hiyo sehemu, hapo unabaki na Device Manager na karatasi. Karatasi ikae juu ya lenzi, selotepu ije juu ya karatasi, gundi isiguse lenzi. Wenye MacBook msiweke vile vifuniko vya plastiki vinene, Apple walionya 2020 kwamba ukifunga laptopu kioo kinaweza kupasuka.

Ila vijana wenzangu, mnajitakia. Unashusha kraki ili utumie programu ya kulipia bure, kraki inakwambia zima antivairasi kwanza, na wewe unazima! Mwaka 2014 FBI na polisi wa nchi kibao walikamata watu zaidi ya 90 kwa sababu ya programu moja inaitwa Blackshades, ilikuwa inawasha kamera za watu kimyakimya, na ilikuwa inauzwa kuanzia dola 40. Dola 40 tu, hela ambayo mtu yeyote mwenye kinyongo na wewe anaipata, iwe ex wako au jirani wa geto, uwe waziri usiwe waziri. Jiheshimuni. Laptopu ukinunua used ipigwe Windows upya mbele ya macho yako, na uulize kila programu inayobaki ni ya nini.

Halafu maiki, karatasi haiizibi. Palepale Device Manager fungua Audio inputs and outputs, maiki nayo Disable. Yule dada ana usaili wa mtandaoni mwezi ujao, kwa hiyo kamera yake sijaitoa kwenye BIOS, nimemwonyesha namna ya kuwasha vyote viwili dakika kumi kabla na kuvizima akimaliza, akavirudia mwenyewe mbele yangu mpaka mkono ukazoea.